Kwa Nini Hakumpigia Simu?

*Watazamaji wa Kinyangiri, wilayani Mkalama, wanazipenda tamthilia za nyumbani. Kwa sababu hiyo hawazisamehe.*

KINYANGIRI, Singida. Saa tatu usiku mlango wa duka umebaki wazi upande mmoja. Runinga iko juu ya rafu, kati ya sabuni za miche na pakiti za majani ya chai. Watu wazima wamejipanga kwenye benchi, watoto wamebanana sakafuni, na vijana wawili wa bodaboda wamesimama kizingitini, funguo za pikipiki mikononi.

Kwenye kioo, mjane amesimama nyuma ya mlango. Ndani, shemeji yake anaongea na simu kwa sauti ya juu. Anamtaja aliyemwekea marehemu sumu, anataja pesa zilizolipwa, anataja hata kabati ilimofichwa hati ya nyumba. Mjane anayasikia yote. Simu yake iko mkononi. Anaziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtiririka, anakimbilia chumbani na kujifungia.

Hapo ndipo benchi linapoamka. Mama mmoja mwenye kitenge mabegani anataka kujua kwa nini mwanamke yule hakurekodi. Kijana wa bodaboda anasema hata asingerekodi, angempigia kaka yake tu, maana wiki iliyopita kaka huyo huyo alimwambia ampigie saa yoyote. Mzee aliyekuwa kimya muda wote anauliza jambo zito zaidi: muuaji gani anayepiga simu ya namna ile sebuleni kwa mke wa marehemu, mlango haujarudishwa?

Jina la tamthilia ile siliandiki. Kosa lile si lake peke yake. Mtu yeyote anayefuatilia tamthilia za Kiswahili, ziwe za Dar es Salaam au za Nairobi, amekwisha kutana na mjane huyo nyuma ya mlango huo, tena si mara moja. Amekutana pia na mgonjwa mahututi anayeamka hospitalini na wanja wake machoni, na tajiri anayesaini karatasi bila kuisoma. Amemwona binti anayemkuta mchumba wake amekumbatiana na mwanamke asiyemjua, akaondoka nchini bila kuuliza kama yule ni dada yake.

Na hakuna aliyeondoka dukani. Walilalamika mpaka sehemu ikaisha, wakaendelea kulalamika wakati wa matangazo, na kesho yake jioni benchi lilijaa tena.

Watu wanaopima

Kinyangiri ni kata ya wilaya ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, makao makuu yake yakawa Nduguti. Ni nchi ya Wanyiramba na Wanyisanzu, nchi ya alizeti, mtama, uwele na vitunguu. Mkulima wa huku humsoma mnunuzi kabla hajamwachia gunia: humtazama macho, husikiliza anavyotaja bei, hukumbuka msimu uliopita aliahidi nini. Macho hayo hayo ndiyo anayokuja nayo mbele ya runinga. Mhusika aliyedanganywa na mtu yule yule mara nne, akamwamini tena mara ya tano bila sababu mpya, hawezi kupita hapa bila kuhojiwa.

Watu wa mjini wakati mwingine hudhani kwamba mtazamaji wa kijijini huridhika na chochote kinachong'aa. Dhana hiyo ni ya uongo, na naamini imechangia kuharibu kazi nyingi. Katika siku nilizokaa Kinyangiri sikusikia mtu akilalamikia nyumba ya kifahari isiyoendana na mshahara wa mwenye nyumba, jambo ambalo wahakiki wa Dar es Salaam hulipenda sana. Malalamiko yalikuwa juu ya watu. Kwa nini amefanya vile? Yule tunayemjua asingefanya vile.

> "Malalamiko yalikuwa juu ya watu. Kwa nini amefanya vile? Yule tunayemjua asingefanya vile."

Mtazamaji huyu ana cha kulinganishia. Tangu ITV ianze matangazo mwaka 1994, Watanzania wameletewa karibu dunia nzima sebuleni. Kundi la maigizo la Kaole liliwafundisha watu kukaa nyumbani jioni, na ndani yake wakatoka Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Blandina Chagula, tunaomwita Johari. Isidingo ya Afrika Kusini ilikaa hewani miaka mingi kiasi kwamba Barker Haines alitukanwa vijiweni kama jirani mbaya. Zikaja za Mexico na za Ufilipino.

Mwaka 2011 TBC1 ikaonesha tamthilia ya Kichina kuhusu binti Mao Doudou na mama wakwe zake, imeingizwa sauti za Kiswahili. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baadaye Azam TV ikamleta Sultan Suleiman wa Kituruki na Hurrem wake wakizungumza Kiswahili cha kueleweka mpaka Nduguti. Wakati huohuo kazi za nyumbani zikapata makao: Maisha Magic Bongo tangu 2015, Sinema Zetu, tamthilia kama Huba na Juakali.

Kwa hiyo anayeandika tamthilia leo Sinza au Mbezi hashindani na jirani yake peke yake. Anashindana na Istanbul, Beijing na Manila, na wote hao sasa wanaongea Kiswahili. Mtazamaji wa Kinyangiri ameshika rimoti.

Ajabu si kosa

Kuna jambo linalochanganywa mara kwa mara katika mjadala huu. Watayarishaji wakiambiwa kazi yao haina mantiki, hujibu kwamba hadithi ni hadithi, na kwamba anayetaka ukweli mtupu akatazame taarifa ya habari. Jibu hilo halikidhi, kwa sababu hakuna aliyelalamikia uwongo wa hadithi.

Tuchukue Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Humo mna majini, mna ndugu wawili waliogeuzwa manyani, mna gavana mwema, Adili, anayelazimika kuwachapa manyani hao kila usiku huku akilia. Hakuna hata kimoja kinachowezekana. Lakini kila kimoja kina sababu. Ndugu waligeuzwa kwa uovu tuliokwisha uona. Kipigo kina aliyekiamuru, na kina adhabu kwa atakayekiacha. Adili analia kwa sababu ni Adili. Msomaji hawezi kusimama katikati ya ukurasa akauliza kwa nini asiache tu kuwachapa. Swali hilo limekwisha jibiwa.

Au tuchukue Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Antonio anasaini mkataba kwamba akishindwa kulipa deni, Shylock amkate ratili ya nyama mwilini. Ukiusimulia uamuzi huo kwa sentensi moja, ni uamuzi wa mwendawazimu. Lakini Shakespeare ameufunga pande zote. Mali yote ya Antonio iko baharini, kwa hiyo hana fedha taslimu. Anayeihitaji fedha ni Bassanio, rafiki anayempenda kuliko nafsi yake. Shylock anaileta ratili ya nyama kama mzaha. Na Antonio ana kiburi: hawezi kuonekana anaogopa mtu anayemdharau. Tunamwona anakosea, tunatamani kumshika mkono, na bado tunakubali kwamba mtu huyu, siku hiyo, angesaini.

Baadaye Portia anavaa joho la mwanasheria na mumewe hamtambui. Hilo nalo haliwezekani. Mbona tunalimeza? Kwa sababu jukwaa lilikwisha kubaliana nasi mapema kwamba humu mavazi huficha mtu, na kwa sababu Portia anajua anachokitaka. Mtazamaji husamehe jambo lisilowezekana mhusika akibaki yeye yule. Mhusika akigeuzwa ili jambo litokee, msamaha huisha hapo.

Ndiyo maana naona kosa la mjane wa nyuma ya mlango ni kubwa kuliko makosa yanayochekwa mitandaoni, kama shati linalobadilika rangi kati ya sebule na uani au saa ya mkononi kwenye tamthilia ya enzi za machifu. Mwaka 2019, katika msimu wa mwisho wa Game of Thrones, kikombe cha kahawa cha kisasa kilisahaulika mezani mbele ya kamera. Dunia ilicheka, HBO wakakifuta, yakaisha. Lakini zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu ule uandikwe upya, na hawakufanya hivyo kwa ajili ya kikombe. Walimwona Daenerys, waliyemfuata kwa miaka minane, akiuteketeza mji uliokwisha jisalimisha, na wakahisi kwamba hawakuoneshwa njia iliyomfikisha pale.

> "Mtazamaji husamehe jambo lisilowezekana mhusika akibaki yeye yule. Mhusika akigeuzwa ili jambo litokee, msamaha huisha hapo."

Upande wa kamera

Wanaotengeneza wana maelezo yao, na ni maelezo ya watu wanaofanya kazi katika mazingira magumu.

Tamthilia haipigwi kwa mpangilio tunaouona. Nyumba ikipatikana kwa siku mbili, sini zote za nyumba hiyo hupigwa katika siku hizo mbili: za furaha, za msiba, za kabla ya talaka na za baada yake. Mwigizaji anamlilia mtu ambaye kifo chake hakijapigwa bado, pengine hata hakijaandikwa. Skripti ya kesho humaliziwa leo usiku. Mara nyingi mtu mmoja ndiye mwandishi, ndiye muongozaji, na ndiye anayesaka gari la kubeba taa. Katikati ya yote hayo mwigizaji mkuu anaugua, anapata ujauzito, anapata dili nono kwingine, au anagombana na ofisi, na hadithi iliyomjenga kwa sehemu 60 inabaki imeshika hewa.

Hayo si ya Bongo peke yake. Vijana wa Kinyangiri wanaikumbuka Prison Break. Mwaka 2007, katika msimu wa tatu, walioneshwa kichwa cha Dk Sara Tancredi ndani ya boksi, kwa sababu mwigizaji Sarah Wayne Callies hakuendelea na msimu ule. Watazamaji wakaja juu. Mwaka 2008 Sara akarudi akiwa mzima kabisa, ikadaiwa kuwa kichwa kile hakikuwa chake. Msimu huohuo wa tatu ulikatishwa ukiwa na sehemu 13 tu, kutokana na mgomo wa waandishi wa Marekani uliodumu tangu Novemba 2007 hadi Februari 2008.

Kabla ya hapo, Dallas ilimuua Bobby Ewing mwaka 1985 Patrick Duffy alipoondoka. Duffy alipokubali kurudi, mwezi Mei 1986 Bobby akaonekana bafuni anaoga, na msimu mzima ukageuzwa kuwa ndoto ya aliyekuwa mkewe. Wenzetu wenye fedha za kutosha nao huanguka shimo lilelile.

Soko letu lilikuwa na shinikizo jingine pia. Enzi za diski, wasambazaji walitaka filamu iuzwe kwa vipande viwili, cha kwanza na cha pili, kila kimoja kwa bei yake. Hadithi ya saa moja na nusu ikavutwa iwe ya saa tatu. Na njia rahisi ya kuivuta hadithi ni kumzuia mhusika asiseme neno moja ambalo lingeimaliza. Tabia hiyo imehamia kwenye tamthilia, ambako wingi wa sehemu ndio ulaji. Mjane akimpigia kaka yake leo, ajira za watu kadhaa zinaisha wiki ijayo.

Naielewa hoja hiyo. Sikubaliani nayo, kwa sababu siri iliyofichuliwa mapema haiimalizi hadithi. Kaka akipigiwa simu, kaka anafanya nini? Anaweza kuwa anadaiwa na shemeji huyo huyo. Anaweza kumwamini dada yake na bado akaogopa. Anaweza kwenda polisi na kukuta aliyeko zamu ni rafiki wa mtuhumiwa. Kila jibu la kweli linazaa sini mpya. Mwandishi anayemfungia mhusika chumbani hajaokoa sehemu hata moja, amejinyima kumi.

Wapo pia wanaosema kwamba binadamu wa kweli hufanya mambo ya ajabu kuliko hayo. Mwanamke hurudi kwa mume anayempiga. Msomi hutapeliwa kwa ahadi ya kuzidishiwa fedha. Ni kweli, na mwalimu mmoja niliyezungumza naye Kinyangiri alilisema hilo kwa nguvu: akasema amewaona wazazi wakiuza mazao yote kwa neno la mtu waliyemjua siku tatu. Ila nilipomuuliza zaidi alieleza mwenyewe kwa nini waliuza. Kulikuwa na ada, kulikuwa na mvua inayokuja na ghala linalovuja, na mtu yule aliwataja ndugu zao kwa majina. Huo ni uamuzi mbaya wenye sababu tatu. Tamthilia nyingi hutupa uamuzi mbaya bila sababu hata moja, kisha zikatuambia maisha ndivyo yalivyo.

PF3 iko wapi?

Kuna upande mmoja wa mianya hii ya mantiki usiochekesha hata kidogo, na huo ndio ulionifanya niiandike makala hii.

Mhusika amechomwa kisu. Anapelekwa hospitali, anatibiwa, anaruhusiwa, na hakuna askari aliyeuliza kitu. Kila aliyewahi kumpeleka ndugu yake kituo cha afya baada ya ugomvi wa pombe anaijua fomu ya polisi namba tatu. Dukani pale waliihoji kabla sijawaza kuihoji mimi: PF3 yake iko wapi?

Mhusika anataka kujua kama mtoto ni wake. Anachukua unywele, anaupeleka hospitali ya karibu, kesho yake anakabidhiwa bahasha. Nchini kwetu vipimo vya vinasaba viko chini ya sheria ya mwaka 2009 na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ombi hupitia mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama au ustawi wa jamii, si mfukoni mwa baba mwenye wasiwasi. Tena ikumbukwe kwamba safari yenyewe, kutoka Mkalama hadi ofisi husika, kujieleza mbele ya mtu wa ustawi wa jamii kwa nini unamtilia shaka mkeo, ina maumivu ambayo bahasha ya bure haitayafikia kamwe.

Mume amefariki. Siku ya tatu shemeji anakuja na karatasi, anasema nyumba ni yake, na mjane anafungasha begi. Katika mahakama zetu za mwanzo mirathi ina kikao cha familia, ina msimamizi anayeombwa na kuteuliwa, ina tangazo linalobandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Shemeji mwovu anaweza kuyapindisha yote hayo, na wapo wanaoyapindisha. Lakini lazima ayapitie. Tamthilia inayoruka hatua zote hizo inamwambia mjane wa kweli, aliyekaa kwenye benchi lile, kwamba hatua hizo hazipo.

> "Tamthilia inayoruka hatua zote hizo inamwambia mjane wa kweli, aliyekaa kwenye benchi lile, kwamba hatua hizo hazipo."

Na mume anayeiuza nyumba usiku mmoja, mke akakuta mizigo yake barazani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa mmoja kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na inampa mwenzake haki ya kuweka zuio. Kifungu hicho kina umri mkubwa kuliko wahusika wengi wa tamthilia zetu. Ni wachache mno kati yao wanaoonekana kuwahi kukisikia.

Mwandishi atasema yeye si mwanasheria. Sawa, lakini hapa sheria ni chakula cha hadithi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, neno lililobadilisha mashauri ya talaka nchini. Na Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha mpa fedha za kuendeleza mali, naye akazitapanya. Ameshinda hoja kwa niaba ya maelfu ya wanawake, akaondoka mikono mitupu. Nani kati ya waandishi wetu amewahi kubuni mwisho mchungu kama huo?

Waliowahi kuweza

Si kweli kwamba hatujui. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioandaliwa kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Mkwaju alifanya maamuzi mabaya mfululizo, na nchi ilimfuata hatua kwa hatua: pombe, wanawake wa njiani, kisha ugonjwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini Mkwaju amefanya vile, maana kila hatua ilizaliwa na ile ya nyuma yake. Watafiti waliufuatilia mchezo huo kwa makini, hata eneo la Dodoma likaachwa bila kuusikia hadi mwaka 1995 ili walinganishe. Walikuta kwamba waliosikiliza walibadilika zaidi katika uzazi wa mpango.

Siri ya Mtungi, iliyoanza kuoneshwa mwishoni mwa mwaka 2012, ilifanya hivyo kwenye runinga. Cheche, mpiga picha wa Bagamoyo, alikuwa mume anayependwa na mume anayekosea, na makosa yake yalitoka katika tamaa aliyooneshwa kuwa nayo tangu mwanzo. Kazi zote mbili zilikuwa na fedha za wafadhili, ndiyo. Lakini fedha hizo zilinunua pamoja na mengine kitu kimoja ambacho hata ofisi ndogo inaweza kukimudu: muda wa watu kukaa mezani na kuulizana maswali kabla kamera haijawashwa.

Na kabla hatujamsahau, alikuwepo Lufufu, mtafsiri wa filamu. Vibanda umiza, vile vibanda vya kuoneshea video, vilikuwa na filamu za Marekani, China na India, na sauti ya Lufufu ikizitafsiri, kama DJ Afro alivyofanya kwa Wakenya. Hawakutafsiri maneno peke yake. Filamu ilipoacha mwanya, mtafsiri aliuziba kwa maneno yake: akaeleza kwa nini adui ana chuki, akampa steringi mama mgonjwa kijijini, akamkumbusha mtazamaji nani alimsaliti nani. Watu walilipa kiingilio kumsikiliza mtu anayeziba mianya. Sijui kama kuna ushahidi mkubwa zaidi ya huo kwamba Watanzania wanaitaka sababu, na wako tayari kuitolea fedha.

Kalamu kabla ya kamera

Wengine wanaielekezea lawama Bodi ya Filamu, kwamba inasoma miswada na kuipitisha. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inaipa Bodi kazi ya kutoa vibali na kuangalia maadili na madaraja ya watazamaji. Sitaki Bodi ianze kukataa hadithi kwa sababu mhusika hakupiga simu. Siku hiyo tutakuwa tumeiua sanaa kwa jina la kuiokoa. Kazi hii ni ya wenye kazi.

Inaweza kuanza na mambo madogo. Kila tamthilia iwe na mtu mmoja ambaye shughuli yake ni kukumbuka: nani anajua nini, tangu sehemu ipi, nani ana namba ya nani. Wenzetu wana nafasi hiyo na hulipwa kwayo. Kwetu mara nyingi huangukia kwa aliyeko karibu. Anayeandika sini ya hospitali akakae nusu siku na muuguzi, na anayeandika ya mirathi akae na karani wa mahakama ya mwanzo. Chaneli zinazonunua kazi, ambazo hukagua ubora wa picha na sauti mpaka sekunde ya mwisho, zikague na skripti kwa ukali huohuo na zilipe waandishi wawili pale wanapolipa mmoja. Na kabla ya kupiga sehemu 100, zile tano za kwanza zisomwe kwa sauti mbele ya watu wasiomjua mwandishi. Ningependekeza waletwe huku. Mama mwenye kitenge angeuona mwanya kabla chai haijapoa.

Ipo hadithi moja ambayo naisubiri. Mume, mfanyabiashara wa alizeti mjini Singida, ameuza nyumba ya familia kimyakimya kulipa deni ambalo mkewe halijui. Mke habebi begi. Anaenda kuweka zuio. Mama yake mzazi anamsihi aachane na mambo hayo, asije akaitwa mwanamke wa mahakamani. Shemeji yake, ambaye anampenda kwa dhati, ndiye shahidi wa upande wa pili, kwa sababu deni lile ni lake na mume alilibeba kumlinda. Kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kila mtu anasema kweli, na kila kweli inamuumiza mwingine. Simu zote zinapigwa, milango yote iko wazi, hakuna aliyejificha popote. Sehemu ya kwanza inaanza mnunuzi anapobisha hodi asubuhi akiwa na risiti ya malipo, na mwanamke anamkaribisha kiti, anaichukua ile risiti, na kumuuliza ni nani aliyesaini kwa jina lake.